Kabla ya Kuirudisha Garini

Hotuba hii niliitoa kwa mafundi wa waya na vijana wanaojifunza kazi, chini ya bati la gereji moja upande wa Uganda wa Malaba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na tarakimu nilizokuwa nimezichora ubaoni.

Mzee mwenyekiti, wazee wangu wa kazi, kina mama mnaotupikia hapa gereji, nanyi vijana mliokalia matairi kwa sababu viti vimekwisha: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nashukuru tumekubaliana kuzungumza Kiswahili. Hapa Malaba hakuna lugha nyingine inayotutosha sote. Yupo Mteso, yupo Mjopadhola, yupo Msamia, wapo waliovuka daraja asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na kule nyuma nimewaona ndugu wawili wa Kongo. Katiba yetu ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Chini ya boneti za magari kilikuwa rasmi zamani sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kontroli boksi iliyoharibika, ile kompyuta inayoamua mafuta na cheche za injini, na hasa zile bodi ambazo gari halikuzaliwa nazo, zinazofungwa baadaye. Mnazijua. Mtu ameweka injini ya gari lingine na boksi ya zamani haiielewi. Mwingine boksi yake imeibwa usiku. Mwingine ana gari la mbio, anataka kupanga mafuta na cheche apendavyo yeye. Zinakuja MegaSquirt, zinakuja Speeduino, zinakuja nyingine zisizo na jina. Zikifa zinaletwa kwetu, maana hazina pengine pa kwenda.

Neno langu leo ni moja, na mtalisikia tena kabla sijakaa: usiirudishe bodi garini mpaka ujue kilichoiua. Kubadilisha kipande kilichoungua ni nusu ya kazi, tena ndiyo nusu iliyo rahisi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililipia kulijua, na mteja wangu alilipia zaidi.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Jinja aliniletea Subaru yake ya mbio za klabu. Alikuwa anarudi kutoka upande wa Eldoret, betri ikamfia kwenye foleni ya mpakani, katikati ya matrela. Dereva mmoja wa trela akamhurumia, akatoa nyaya za jampa, wakawasha. Gari likawaka, likatembea kilomita chache, likaanza kutoa moshi mweusi, likazima. Likasukumwa mpaka kwangu.

Bodi ilikuwa MegaSquirt toleo la 3. Nilipofungua mkebe, pua ilijua kabla ya macho: ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo fundi wa waya haisahau. Moja ya transista mbili kubwa za injekta, yaani swichi za umeme zinazofungua vinyunyizio vya petroli, ilikuwa imepasuka begani, tundu dogo kama kichwa cha kiberiti, na masizi meusi yamesambaa kwenye rezista ya jirani.

Kila aliyekuwepo alikuwa na jibu. Ni trela! Trela lina volti 24, gari lina volti 12, kesi imekwisha. Nami nilikubali. Ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine.

Nikaagiza transista Kampala. Sasa tazameni ubaoni, hasa nyinyi vijana. Ile ya asili imeandikwa IRFIZ34. Niliyoletewa imeandikwa IRFZ34. Tofauti ni herufi moja, I. Kwa umeme zinafanana kama pacha. Lakini yenye I imevikwa plastiki pande zote, mgongo wake haupitishi umeme. Isiyo na I ina mgongo wa chuma, na mgongo huo umeungana na mguu wa katikati, ule unaokwenda kwenye injekta. Kwenye bodi ile transista hufungwa kwa skrubu kwenye kipande cha alumini kinachozipoza, na kwenye alumini hiyo hiyo imefungwa regyuleta, kipande kinachoshusha umeme wa betri mpaka volti 5, ambayo mgongo wake ni athi, yaani upande wa hasi wa umeme. Mmeona kilichotokea? Nilipokaza skrubu, niliuunganisha mguu wa injekta na athi moja kwa moja. Transista ilikuwa nzima, mpya, haina kosa, lakini injekta zake zilifunguka mara tu ufunguo ulipowashwa na hazikufunga tena.

Kijana alikuwa na haraka. Nami nikaisikiliza haraka yake badala ya kuisikiliza bodi. Sikuijaribu mezani. Niliirudisha garini, akawasha ufunguo, pampu ikaunguruma, akapiga stata. Petroli ikamwagika ndani ya silinda mbili kama bomba lililoachwa wazi, ikashuka mpaka kwenye oili. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilinuka kama kituo cha mafuta. Tungeng'ang'ania stata tungeweza kupinda konrodi, kwa sababu pistoni haiwezi kubana kimiminika. Tulimwaga oili yote, tukakausha plagi, nikanunua oili mpya kwa pesa yangu.

Nikapata transista yenye I. Nikaifunga. Gari likaunguruma vizuri sana, kijana akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Siku ya pili simu ikalia. Yuko mbele ya Bugiri, kando ya barabara.

"Fundi," akaniambia, "ulisema imepona."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Transista ileile, tundu lilelile.

Niliacha kazi zote nikaanza upya, na kwa kweli nilianza kujifunza kazi hii siku ile. Nitawaambia nilichokipata, lakini kwanza nieleze njia yenyewe, kwa sababu ningeifuata, yale ya Bugiri yasingetokea.

Anza na gari kabla ya kushika bisibisi ya kufungulia mkebe. Bodi nyingi zinazoletwa mezani kwangu kama maiti ni nzima kabisa. Kilichokufa ni fyuzi, rilei, au waya wa athi. Pima betri. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa bodi, mwambie mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya sehemu ya kumi moja au mbili za volti, athi yako haifai, hata kama mita ilipiga mlio mzuri gari likiwa limelala. Mlio unakuambia tu kwamba waya umeshika. Haukuambii kama unaweza kubeba mzigo. Uzi mmoja uliobaki kati ya ishirini utapiga mlio vizuri, halafu ufe injini ikidai ampea zake. Na athi za bodi hizi zifungwe pamoja, sehemu moja, kwenye injini yenyewe. Usifunge moja kwenye injini, nyingine kwenye bati la gari juu ya rangi, nyingine kwenye redio.

Kisha unganisha kompyuta usome sensa, kama bodi bado inazungumza. Ikiwa inazungumza, jambo la kwanza kabisa ni kuhifadhi mipangilio yote kwenye faili. Vijana, hilo lifanyeni kabla ya kingine chochote. Mipangilio ile ni miezi ya kazi ya mtu: ameendesha, amesikiliza, amerekebisha, ameendesha tena. Bodi inaweza kununuliwa nyingine. Mipangilio isipohifadhiwa, mtu huyo anarudi mwanzo.

Ukiona kompyuta inasema maji ya injini yana nyuzi 40 chini ya sifuri, na sisi tumekaa hapa tunatoka jasho, usiilaumu bodi. Inasema kweli kadiri inavyoona: haioni sensa. Waya umekatika au plagi imechomoka. Ikisema joto kali ajabu wakati injini imelala tangu jana, waya wa sensa huenda umegusa athi.

Na hapa nina jambo linalonikera kwa niaba yetu sote tunaoishi juu ya nyanda hizi. Sensa ya presha ya hewa iliyomo kwenye nyingi ya bodi hizi ni MPX4250. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka, sensa hiyo inasoma hewa ya kawaida ya mahali ulipo. Maelekezo mengi yanakuambia utegemee kilopaskali 100 hivi. Sawa, kwa mtu wa Mombasa. Kule pwani ni 101, na ukipima mguu wa sensa utapata volti 1.8. Lakini sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yetu, na ya Kampala, ni kama kilopaskali 88, na mguu wa sensa utatoa volti 1.5 na kidogo. Hesabu yake nimeiandika ubaoni: zidisha presha kwa 0.004, toa 0.04, zidisha kwa 5. Kule Kabale, karibu mita 2,000, itashuka mpaka 80 hivi. Nimeona fundi mzuri, mwenye mkono mwepesi, aking'oa sensa nzima kwa sababu "inasoma chini." Ilikuwa inasoma Uganda. Alipoing'oa akaharibu njia za shaba za bodi, na ndipo ikafa kweli.

Kama bodi haizungumzi kabisa, pima volti 5 zinazokwenda kwenye sensa ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na kikanyagio cha mafuta. Zikiwa mbili au tatu badala ya tano, usikimbilie regyuleta. Chomoa sensa moja moja. Mara nyingi volti zitapanda zenyewe ukichomoa yenye shoti. Na ukikuta 12 mahali pa 5, kaa chini kwanza, kwa maana kuna waya uliogusa mahali pasipo pake, na prosesa, ubongo wa bodi, imekunywa kisichokuwa chake.

Haya, sasa mkebe umefunguliwa. Piga picha kwanza, pande zote mbili. Halafu toa ubongo. Kwenye MegaSquirt nyingi prosesa imekaa kwenye soketi ya miguu 40. Inue taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, uichomeke kwenye sponji nyeusi isiyotunza umeme wa msuguano. Kwenye Speeduino ni rahisi zaidi, kwa sababu ubongo wake ni Arduino Mega 2560, bodi nzima inayoinuliwa. Kwa nini utoe? Kwa sababu hujui umeme ulioko ndani ukoje. Huwezi kumlaza mgonjwa kwenye kitanda ambacho hujajua kama kina moto.

Sasa umeme. Wengi wetu hatuna ile mashine ya mezani inayopima na kubana ampea. Mnayo balbu. Chukua balbu ya pakingi ya wati 5, ifunge kwa mfululizo kati ya betri na bodi. Bodi ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu yote, na kitakachopita hakizidi nusu ampea. Hakuna njia itakayoungua, hakuna moshi. Bodi ikiwa nzima, balbu itabaki giza au itatoa wekundu hafifu. Kifaa hiki kinapatikana kwenye kila gari bovu lililoegeshwa nje ya gereji hii, na kimeokoa bodi nyingi kuliko mita yangu.

Balbu ikiwaka, tafuta kinachopata joto. Paka alkoholi ya isopropili kiasi kidogo juu ya bodi, si spiriti ya vidonda ambayo huacha mafuta, na utazame inapokauka kwanza. Sigara mbali, tafadhali. Balbu ikibaki giza, pima volti 5 kwenye miguu ya soketi kwa kufuata mchoro. Ziwe 4.9 hadi 5.1. Regyuleta ya MegaSquirt, LM2940, ni kipande chenye moyo: hustahimili hata betri ikifungwa kinyume. Lakini ina sharti lake. Kapasita, kile kipande kinachotuliza umeme, iliyo kwenye mlango wake wa kutokea lazima iwe maikrofaradi 22 au zaidi, ya aina inayofaa. Ukiweka ndogo kwa kuwa ndiyo uliyokuwa nayo dukani, volti 5 zitatetemeka, mita yako haitaona, na prosesa itajizima na kujiwasha yenyewe mpaka mwenye gari afikiri amerogwa.

Transista za injekta zipime zikiwa hazina umeme. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Kati ya mguu wa katikati na mguu wa athi, upande mmoja usome kama 0.5, upande wa pili usisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote, imekufa katika hali mbaya kuliko zote, hali ya kuacha injekta wazi. Ndiyo maana nasema: gari lolote linaloletwa na shaka ya bodi, chomoa rilei ya pampu ya mafuta kabla hujawasha ufunguo. Fanyeni iwe desturi kama kuweka jeki stendi kabla ya kuingia chini ya gari.

Juu ya kulehemu sitasema mengi, mikono mnayo. Ila ombi moja. Unapotoa kipande kilichokufa, ukate miguu yake kwanza, kisha utoe mguu mmoja mmoja kwa pasi iliyo moto wa kutosha. Kimeshakufa, usikihurumie, ihurumie bodi. Anayekivuta kizima kwa koleo anang'oa pamoja nacho ule utando wa shaba uliomo ndani ya tundu, na utando huo ndio unaounganisha juu na chini ya bodi. Baada ya hapo utapiga lehemu inayong'aa vizuri na umeme hautapita.

Halafu jaribu mezani. MegaSquirt ina kibao chake cha majaribio, kina vinobu vinavyojifanya sensa na taa ndogo zinazojifanya injekta. Kama hunacho, unaweza kuunda chako kwa rezista za kuzungusha na taa chache, michoro ipo wazi. Hilo ndilo jambo zuri la bodi hizi. Bruce Bowling na Al Grippo, Wamarekani walioanzisha MegaSquirt, waliweka michoro na maelekezo ya kuiunda hadharani. Josh Stewart wa Australia, aliyeanzisha Speeduino, aliachia kila kitu, mchoro na programu. Boksi nyingi za kiwandani hazina mchoro unaoweza kuupata. Nyingine zimemiminiwa gundi laini ndani usione kitu. Hapa umepewa ramani ya nyumba nzima. Fundi wa Malaba anasoma mchoro uleule anaousoma fundi wa Melbourne. Basi na tuusome.

Laiti ningekuwa na taa zile siku ile ya transista isiyo na I. Moja ingewaka bila kuzima, hata kabla prosesa haijarudishwa. Ningejua kwa dakika moja.

Narudi kwa kijana wa Jinja.

Nilikaa na ile bodi mbele yangu nikajiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwanzo: kitu gani kinaweza kuua transista hii moja na kuacha jirani yake? Nikasoma karatasi ya vipimo vya regyuleta. LM2940 inafanya kazi mpaka volti 26, na hustahimili mruko wa kitambo kifupi wa volti 60. Umeme wa trela ungekuwa umeleta balaa, ungeanzia huko, au ungegusa transista zote mbili. Regyuleta ilikuwa nzima. Transista ya pili ilikuwa nzima. Na kifo cha pili kilitokea mbele ya Bugiri, ambako hapakuwa na trela wala jampa. Yule dereva aliyesaidia tulikuwa tumemsingizia.

Transista ile inabeba injekta mbili. Nilizipima kwenye plagi ya bodi: kila moja omu 12, mbili kwa pamoja omu 6. Hesabu ndogo: volti 12 kwa omu 6 ni ampea 2. Transista ile inabeba hizo ikiwa imelala. Basi kilichoiua ni kitu kilichokuwa kinaziruka injekta, kinaupeleka umeme wa betri mzima mzima kwenye transista bila koili za injekta kuuzuia. Lakini mita ilisema omu 6, na ikasema tena omu 6. Gari lilikuwa limesimama.

Nikachukua balbu nyingine, ya breki, wati 21. Nikachomoa rilei ya pampu, nikaachia presha ya mafuta. Nikafunga balbu mahali pa transista: upande mmoja kwenye athi, upande wa pili kwenye waya wa injekta, pale penye plagi ya bodi. Nikawasha ufunguo. Umeme ukapita kwenye injekta kisha kwenye balbu, na balbu ikawaka nusu, njano ya machweo. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu injekta zinakula nusu ya volti.

Nikamwita mwanafunzi wangu akae mbele ya balbu aitazame tu, asiseme neno mpaka aone kitu. Mimi nikaanza kutikisa waya. Nilianzia kwenye boksi, nikaingia ukutani mwa injini, nikafuata mkono kwa mkono. Hakuna. Nikafika nyuma ya manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, mahali ambapo mkono unaingia lakini macho hayaingii. Nikasukuma.

"Imewaka!" akapiga kelele. "Mwalimu, imewaka nyeupe!"

Nikaachia. Ikarudi njano. Nikasukuma. Nyeupe.

Tulitoa manifoldi. Mle ndani nyaya mbili za injekta, wa kwenda na wa kurudi, zilikuwa zimepita juu ya ukingo wa bamba la chuma. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Joto na mtikiso wa barabara za murram vilikuwa vimeikwangua plastiki polepole, pengine kwa mwaka mzima, mpaka shaba ikatazamana na shaba. Gari likisimama hazigusani. Likipita kwenye shimo, zinabusiana mara moja, na mara moja inatosha. Kovu lenyewe lilikuwa na urefu wa punje ya mchele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilizivika nyaya mpya, nikazipitisha mbali na bamba, nikazifunga ndani ya neli ya kuhimili joto. Nikaweka transista ya tatu. Kijana huyo bado ni mteja wangu, na transista hiyo bado iko.

Sasa, wazee wangu, mniruhusu niseme na sisi wenyewe. Kuna bodi zinazouawa na barabara, kama hiyo. Na kuna zinazouawa na mafundi. Ninalozungumza sasa nimeliona kwenye gereji kuanzia hapa mpaka Kampala, na nimelifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: injini ikiwa inazunguka, unachomoa terminali ya betri kujua kama alteneta inachaji. Injini ikiendelea, alteneta nzima. Naomba kwa moyo wangu wote tuache. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, alteneta haiwezi kujizuia papo hapo. Volti zinaruka mpaka makumi kadhaa, kwenye gari lisilo na kinga zinaweza kufika 80 hata 100, kwa muda wa kupepesa jicho. Magari ya zamani yenye kabureta na platini yalivumilia. Hayakuwa na prosesa. Leo unaua kontroli boksi, redio na taa za dashibodi kwa kitendo ambacho mita ya bei ndogo ingekifanya bila kumuumiza mtu: weka mita kwenye betri, injini ikiwaka, usome 13.8 hadi 14.5. Imekwisha.

Na ndugu zetu wa kuchomelea, nawaona pale mlangoni, karibuni ndani. Kabla hamjagusa gari lenye kontroli boksi, mtuite tuchomoe betri na plagi ya boksi. Athi ya mashine yenu iwe karibu na mahali mnapochomelea, umeme usitafute njia ya kupitia bodi. Dakika tano zetu.

Kuna mmoja ameniuliza asubuhi kama mteja atakubali kulipia muda wa kutafuta muuaji, maana anaona kipande kilichobadilishwa tu. Siku hizi simfichi mteja. Namwita, namwonyesha balbu, namwambia: nimebadilisha hiki, lakini sijajua kilichokiua, nipe kesho. Wapo walioondoka. Wengi walibaki. Na wakati wa kumkabidhi namwandikia kwenye daftari, nakala moja yake na moja yangu: kilichokufa, kilichokiua, vipimo nilivyosoma. Gari likirudi baada ya mwaka sianzi gizani, na hata akienda kwa fundi mwingine, fundi huyo haanzi gizani.

Nimesema vya kutosha, na mdomo haufundishi lehemu. Pale mezani kuna bodi tatu. Mbili ni Speeduino, moja ni MegaSquirt, zote zililetwa kwangu zikiwa zimekufa, na wenyewe wamekubali tuzitumie leo. Ninajua kilichoua mbili. Ya tatu, ile yenye utepe mwekundu, sijaipata bado. Nimeipima mara mbili na balbu inabaki giza, volti 5 zipo, na bado haizungumzi na kompyuta. Vijana watatu wa kwanza waje na mita zao. Waanze na hiyo.